Mzee Ojwang' na Televisheni ya Jioni (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi televisheni ilivyoingia Kenya mwaka 1962, ikatiwa mikononi mwa serikali mwaka 1964 kwa jina la Sauti ya Kenya, ikawa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, na ikakaa peke yake hewani pasi na mshindani hata mwaka 1990, ilipoanza kutangaza stesheni ya kwanza isiyokuwa ya serikali. Leo nia yetu ni kumtaja kwa taadhima mtu mmoja aliyeipa televisheni hiyo kicheko chake, marehemu Benson Wanjau, ambaye umma haukumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, ila kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari, mhusika aliyemwigiza katika kipindi cha Vitimbi kwa miongo kadhaa.

Msomaji kijana, ambaye amezaliwa katika zama za kila mtu kuwa na kioo chake mfukoni, hana budi kuelezwa hali ya mambo ilivyokuwa. Matangazo yalikuwa ya saa chache, aghalabu za jioni, na nyumba yenye televisheni ilihesabika mtaani. Huko vijijini, ambako umeme haukuwa umefika, watu waliwasha kwa betri ya gari zile seti ndogo za Great Wall zenye picha nyeusi na nyeupe, huku kijana mmoja akisimama nje gizani kuuzungusha mlingoti wa eriali, na walio ndani wakimpigia ukelele kwamba picha imekuja, imepotea, imekuja tena. Mbele ya kioo kile waliketi pamoja mkwe na mama mkwe, babu na wajukuu, mwenye nyumba na majirani waliobisha hodi kwa ajili ya kipindi tu, wengine mkekani, wengine wamesimama mlangoni. Mchekeshaji aliyeingia katika baraza ya namna hiyo alikuwa mgeni wa watu wanaostahiana, na lau angalitamka neno moja la kumfanya mkwe ainamishe uso, asingalikaribishwa tena.

Wako wanaodai kwamba upole wa televisheni ile ulitokana na hofu ya serikali, na siwezi kukana kwamba serikali ilikuwa na mkono wake, maana mambo ya siasa hayakuguswa katika vichekesho vya stesheni yake. Walakini amri yaweza kumnyamazisha mtu; haiwezi kumfundisha kuchekesha. Wasanii wa Vitimbi, sawasawa na wenzao wa kipindi kingine cha vichekesho, Vioja Mahakamani, waliuona mpaka ule wa staha, wakaukubali, kisha wakatafuta ndani yake mambo ya kuchekesha, wakayapata tele: tamaa ya mzee, ukali wa mke, deni lisilolipwa, hila ndogo inayogunduliwa kabla haijakamilika. Nathubutu kusema kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko ya mchekeshaji wa leo ambaye, kicheko kikimpotea, hukimbilia matusi.

Lakini jambo lililo adhimu zaidi katika usanii wa Wanjau ni lugha yake. Yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Ojwang' alikuwa Mjaluo. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya sh wala ya z, kwa hiyo aliyekulia ndani yake, anaposema Kiswahili, aghalabu hutamka s mahali pa hizo mbili, na shilingi zake huwa silingi. Wanjau aliichukua lafudhi hiyo pamoja na mwendo wa sauti yake, kupanda na kushuka kwake, akaikamilisha hata watazamaji wengi wakaamini kwamba wamwona Mjaluo wa kuzaliwa, na wakastaajabu walipoambiwa asili yake.

Kuiga lafudhi ya kabila lisilokuwa lako ni jambo la hatari katika nchi yoyote, na katika Kenya, ambayo siasa zake zimewagombanisha mara nyingi Wakikuyu na Wajaluo, ni hatari maradufu; dhihaka kidogo tu ingalitosha kuligeuza kuwa uadui. Mbona basi Ojwang' alipendwa Kisumu kama alivyopendwa Nyeri? Kwa fikira zangu, ni kwa sababu upumbavu wake haukupachikwa kabila lake hata siku moja. Alikuwa mjinga kwa kuwa ni mume anayejidhania bwana wa nyumba, na waume wa namna hiyo wamo katika kila kabila. Na alipoisema lugha kwa lafudhi yake aliisema kwa ushujaa wote, kama mtu asiyejua kwamba iko namna nyingine ya kuisema. Mary Khavere, aliyecheza Mama Kayai, mkewe Ojwang' katika mchezo, alimjibu kwa ulimi uliokuwa mkali kuliko wake, wakapatana katika ugomvi wao hata watu wengi wakawadhania kuwa mke na mume wa kweli.

Sisi wa pwani tumezoea kukisikitikia Kiswahili cha bara, na hapana shaka kwamba sarufi ya Vitimbi ingalimwudhi mwalimu yeyote. Hata hivyo watoto wengi wa bara, ambao nyumbani hawakukisikia Kiswahili ila kwa nadra, walikipenda kupitia kinywa cha mzee huyu kabla hawajakutana nacho katika vitabu vya shule, na fadhila hiyo haifai kufichwa kwa sababu ya makosa ya ngeli.

Ujira wa sanaa hiyo ulikuwa haba, na umashuhuri haukuujaza mfuko. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimdhoofikia, na habari hiyo ilipoenea wananchi walimchangia fedha za matibabu, wakiwamo watu ambao hawakupata kumwona kwa macho yao nje ya kioo. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78, kwa maradhi ya mapafu.

Sehemu ya tatu, inshallah, itahusu Vioja Mahakamani, na jinsi kizimba cha mchezo kilivyowafahamisha raia taratibu za mahakama ya kweli.