Breki ya Kupampu

Wiki hii nazungumza na wenye Land Rover 109 za zamani, ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1985 na bado zinapanda milima yetu. Magurudumu yote manne yana breki za dramu. Mwenye gari hukanyaga, pedali ikazama. Akipampu mara mbili inapanda, gari linasimama. Huambiwa anunue master silinda.

Mimi nasema asinunue kwanza. Pedali yenye upepo hubonyea kama sifongo. Inayozama taratibu huku mguu umeikandamiza ina silinda iliyochoka, au mafuta yanavuja. Lakini inayopanda kwa kupampu ikawa ngumu, mara nyingi ni lainingi zimelika, ziko mbali na dramu. Inua gurudumu kwa jeki, kaza nati ya kurekebishia iliyo nyuma yake mpaka lisizunguke, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Magurudumu ya mbele yana nati mbili kila moja; usisahau ya pili.

Gari likivuta upande, fungua dramu. Lainingi ikiwa imelowa oili, badili na sili ya habu, la sivyo umetupa fedha. Vumbi lake usilipulize: lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo huleta saratani.

Wapo wanaosema wameshazoea kupampu. Basi wateremke Kitonga na abiria. Dramu ikipata moto hutanuka, ikazidi kujitenga na lainingi. Pampu mbili za asubuhi zinakuwa nne, na lori liko mbele.