Julius Axelrod na enzimu zake



Kwetu mwaka wa sita swali moja linarudi kila siku: kama fakilte ya udaktari ikikukataa, utafanya nini? Wengine wanajibu kwamba basi, mambo yao yamekwisha. Juu ya ile tumeona vizuri kuwaelezea kazi ya Julius Axelrod.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1912. Baba yake alikuwa mtu wa kusuka vikapu. Alimaliza koleji mwaka 1933, akaomba kuingia shule za udaktari, zikamukataa. Akapata kazi ndogo katika laboratwari ya kupima vitamini ndani ya vyakula, akaifanya miaka zaidi ya kumi. Kule chupa ya amonia ilipasuka, ikamuharibia jicho la kushoto. Ninyi munaocheza na chupa za shimi, musikie ile!

Mwaka 1946 alianza kufanya kazi na Bernard Brodie. Walitafuta sababu gani dawa moja ya maumivu, asetanilidi, iliharibu damu ya watu. Wakaona kwamba mwili unaigeuza: sehemu moja inakuwa anilini, nayo ndiyo inaumiza damu, sehemu kubwa inakuwa parasetamoli, nayo ndiyo inaondoa maumivu. Leo parasetamoli iko karibu kila dispansari. Lakini ukipita kipimo, inaua maini.

Sasa tuingie kwa enzimu. Ukikuta nyoka njiani, moyo unapiga mbio. Ni adrenalini. Iko katika jamaa ya monoamini, pamoja na noradrenalini, dopamini na serotonini: ni wajumbe wa mwili. Nyoka akienda zake, moyo unatulia. Basi ni nani anamuondoa yule mjumbe?

Mwaka 1928, kule Cambridge, Uingereza, Mary Hare alivumbua katika maini enzimu ambayo kiisha iliitwa monoamini oksidazi. Wengi walifikiri ni hiyo peke yake inafanya kazi yote. Lakini walipoizuia kwa dawa, adrenalini ilikwisha nguvu vilevile. Kumbe, kuna mwingine!

Mwaka 1957 Axelrod alisoma habari fupi: watu wenye uvimbe unaotoa adrenalini nyingi, katika mkojo wao kunapatikana kitu chenye kuongezewa kundi la metili. Akajiuliza, metili hiyo inawekwa na nani? Akatafuta katika maini ya panya, akapata enzimu ya pili, inayoitwa kwa kifupi COMT.

Hakuishia hapo. Hata enzimu zote mbili zikizuiwa, kazi ya mjumbe inakwisha. Yeye na wenzake wakatumia noradrenalini yenye mnururisho ili waifuate njia yake. Wakaona mshipa wa fahamu wenyewe unairudisha ndani na kuiweka akiba, sawasawa mvuvi anavuta wavu wake. Dawa nyingi za ugonjwa wa huzuni zinafanya kazi kwa kuzuia kule kurudishwa. Tena, wagonjwa wa Parkinson, wenye kutetemeka, wanapewa dawa za kuzuia enzimu hizo ili dopamini yao ikae zaidi.

Axelrod alipata udaktari wa sayansi mwaka 1955 tu, akiwa amepita miaka 40. Mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ulf von Euler na Bernard Katz. Alikufa mwaka 2004.

Hatusemi kukataliwa ni kitu kizuri. Hapana, kunauma. Lakini muangalie: kazi ile ndogo ya kupima vitamini ndiyo ilimufundisha kupima vitu kwa uangalifu, na kila jibu alilopata alilijaribu tena. Kwa hiyo, ninyi wa mwaka wa tatu munaosema shimi ni ya kukariri tu, muulize kwanza: ni nani anafanya ile kazi, na akizuiwa, nini kinatokea?