Vifaranga wa Kware Wakidonoana, Tuangalie Bruda Kwanza



Kware ni ndege mdogo ambaye wenzetu wa Nyanza wamemjua tangu zamani kwa jina la aluru. Huku kwetu mlimani wengi walimjua mwaka 2013, wakati kila mtu alikimbilia kumfuga kwa sababu mayai yake yalikuwa na bei ya juu sana. Mwaka 2014 bei ikaanguka na watu wengi wakapata hasara. Lakini kware mwenyewe hana kosa. Hahitaji nafasi kubwa, na akitunzwa vizuri huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 6 au 7. Kikundi kinachoanza na ndege wachache, kikijua soko lake, bado kinaweza kupata kitu. Ila kabla ya kununua, ulizeni ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) kuhusu kibali.

Katika toleo hili tunazungumzia shida moja inayomaliza vifaranga hata kabla hawajaota manyoya: kudonoana ndani ya bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto. Huanza kwa kudonoa vidole vya miguu. Kisha huhamia mkiani, mgongoni na kichwani. Damu ikishatoka tu, rangi yake huwavuta wengine wote, na kwa usiku mmoja mnaweza kupoteza wengi.

Hapo wanachama huanza kuulizana, "Nani alikuwa zamu?" Wengine husema kuna kifaranga mmoja mbaya, atolewe. Kumtoa huyo peke yake hakumalizi shida, maana kesho mwingine atachukua nafasi yake. Kudonoana ni dalili. Kuna kitu kinachokosekana ndani ya bruda, au kimezidi. Basi tutafute kitu hicho.

1. Joto

Kifaranga wa kware huanguliwa baada ya siku 17 au 18, na ni mdogo kama kidole gumba. Wiki ya kwanza anahitaji joto la digrii 35 hadi 37. Baada ya hapo punguzeni kama digrii 3 kila wiki mpaka aote manyoya.

Hapa Karatina usiku ni wa baridi, hasa mwezi wa saba. Kwa hiyo watu hujaza makaa na kuziba kila tundu. Asubuhi jua linapiga mabati, jiko bado linawaka, na vifaranga wanachemka. Kifaranga aliyezidiwa na joto hukasirika na kudonoa. Kama hamna kipimajoto, waangalieni wenyewe. Wakirundikana karibu na jiko, wana baridi. Wakikaa mbali huku wamepanua mabawa na kupumua kwa mdomo, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala kwa utulivu, joto ni sawa.

Acheni tundu la hewa juu ya ukuta, na mtu asilale chumba kimoja na jiko la makaa. Hewa yake yaweza kuua watu pia.

2. Nafasi

Vifaranga 100 wanatoshewa na bruda ya mita 1 kwa sentimita 75 wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu wapanulieni mara mbili. Ni vizuri bruda iwe ya duara, ili wasirundikane kwenye kona. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili au vitatu, mbalimbali, ili wanyonge nao wale. Ndani ya maji wekeni kokoto, maana kifaranga wa kware huzama hata kwenye kisahani.

3. Chakula

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea bila kujua. Kware mchanga anahitaji protini ya asilimia 24 au zaidi. Chakula cha kawaida cha vifaranga wa kuku huwa chini ya hapo. Akikosa protini huitafuta kwa mwenzake: manyoya, ngozi, damu. Nunueni chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, na kwa kila kilo 10 changanyeni kilo 1 ya omena iliyosagwa, isiyotiwa chumvi. Chembe kubwa zitwangwe tena, kwa sababu mdomo wake ni mdogo. Chakula kisikatike hata saa moja.

4. Mwanga na kazi

Taa kali inayowaka usiku kucha huwafanya waone kila kidonda. Tumieni balbu nyekundu au yenye mwanga hafifu, na kama jua linaingia moja kwa moja, tundikeni gunia dirishani. Pia wapeni kazi. Fungeni majani ya sukuma wiki kwa kamba yaning'inie kimo cha kichwa chao, wadonoe hayo. Kuanzia wiki ya pili wekeni sinia la mchanga mkavu waoge vumbi.

5. Umri na madume

Msichanganye vifaranga wa umri tofauti, hata kama tofauti ni wiki moja. Wakubwa watawaumiza wadogo. Kuanzia wiki ya 3 mtaanza kutambua dume kwa kifua chake cha rangi ya kahawia nyekundu; jike ana madoadoa. Kufika wiki ya 5 au 6 madume hupigana kwa ajili ya majike. Acheni dume 1 kwa majike 3 au 4, na waliobaki wanenepesheni kando wawe kitoweo au wauzwe. Kama mnataka mayai ya kula tu, dume hahitajiki kabisa.

Wakishaumizana

Mtoeni aliyeumia mara moja. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mpakeni iodini, na asirudi mpaka kidonda kipone. Aliyekufa aondolewe saa hiyo hiyo. Kukata midomo si dawa ya bruda mbaya, na kwa ndege mdogo hivi ni rahisi kumwumiza. Vifo vikiendelea, mwiteni afisa wa mifugo, maana huenda ni ugonjwa.

Mjadiliane kikundini

Je, zamu ya usiku ni ya nani, na anajua kusoma dalili za joto? Je, tuna daftari la kuandika chakula, vifo na sababu zake? Pesa za vifaranga hawa ni michango ya kila mwanachama, nyingine zimetoka kwenye kikapu cha mboga pale soko la Karatina. Daftari likionyesha kilichotokea, hatutahitaji kulaumiana. Tutarekebisha bruda na kuendelea.