Mvua ya Embu na Meru, bamvua ya Kipini

Mwenyeji wa Embu au Meru asikiapo habari za mafuriko ya pwani, huenda akadhani hayamhusu. Kumbe maji ya Rupingazi, Thuci na Kathita, mito itokayo Mlima Kenya, hatimaye huingia Mto Tana, ambao humwagika baharini karibu na Kipini.

Huko nchi ni tambarare. Mwezi uandamapo, na pia unapokuwa mpevu, bahari hujaa kupita kawaida. Watu wa pwani huita bamvua. Ikiwa wakati huo mto nao umefura, maji hukosa pa kutokea, yakatanda vijijini. Mto ukipungua, bahari nayo hupanda mtoni. Wakulima wa mpunga wa Ozi wameona mashamba yao yakiharibiwa na chumvi.

Madhara kwa afya ni ya namna mbili. Mafuriko hujaza vyoo vya shimo, na uchafu ukaingia visimani. Katika mvua ya masika ya 2024, bwawa la Masinga lilifurika. Kufikia Mei, kipindupindu kilikuwa kimezuka katika Kaunti ya Tana River. Chumvi nayo hudhuru polepole. Huko Dacope, pwani ya Bangladesh, watafiti waliona kwamba wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi nyingi hupatwa zaidi na shinikizo la damu.

Kwa hiyo, ramani ya mafuriko inayoonyesha mto peke yake haitoshi. Yapasa ionyeshe pia mahali bamvua hufika, visima, vyoo, zahanati na sehemu zilizoinuka. Siku za bamvua hujulikana mapema, na maji ya mabwawa huchukua siku kadhaa kufika huko chini. Mambo hayo mawili yakisomwa pamoja, wagonjwa, wazee na watoto waweza kuhamishwa kabla maji hayajafika.

Msomaji mwenye jamaa huko na awakumbushe haya: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na kila mtu alale ndani ya chandarua. Lakini kuchemsha huua viini tu, chumvi hubaki. Mjamzito atumiaye kisima cha chumvi atafute maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri, na asikose kupimwa shinikizo la damu kliniki.