Minara ya Mawimbi na Mipaka ya Lugha: Miaka ya Mwanzo ya Televisheni ya Taifa Nchini Kanada

Historia ya televisheni ya Kanada katika miaka ya 1950 inaonyesha kuwa nchi pana yenye lugha mbili ina umbali wa aina mbili wa kuvuka: umbali wa ardhi, ambao hushindwa kwa mitambo, na umbali wa lugha, ambao mitambo peke yake haiuwezi.

Shirika la utangazaji la taifa, CBC kwa Kiingereza na Radio-Canada kwa Kifaransa, liliundwa mwaka 1936 kwa ajili ya redio, likaanza kurusha picha tarehe 6 Septemba 1952 mjini Montreal, na siku mbili baadaye mjini Toronto. Kituo cha Montreal kiligawa saa zake kati ya lugha hizo mbili hadi Januari 1954, kilipofunguliwa kituo kingine cha Kiingereza na kile cha kwanza kikabaki cha Kifaransa.

Mawimbi ya televisheni husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kwa kuwa uso wa dunia umepinda, mnara mmoja huhudumia mji na viunga vyake tu. Kwa sababu hiyo, miji ya mbali ilipelekewa kinesikopu, yaani filamu iliyopigwa kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni wakati kipindi kikiendelea, kisha ikasafishwa na kusafirishwa, hivyo kwamba watazamaji wa huko walikiona kipindi baada ya siku kadhaa.

Ufumbuzi ulikuwa mnyororo wa minara ya maikrowevu, yaani mawimbi mafupi sana ya redio yanayoweza kukusanywa katika mwale mwembamba. Kila mnara ulipokea ishara iliyofifia njiani, ukaikuza, kisha ukaielekeza kwenye mnara uliofuata, uliosimama kilomita 40 au 50 mbele. Mnyororo huo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 6,000, ulizinduliwa tarehe 1 Julai 1958, ukaunganisha pwani ya Atlantiki na ya Pasifiki kwa matangazo ya moja kwa moja.

Lugha ilidai kazi ya namna nyingine. Tamthilia ya Roger Lemelin kuhusu familia ya Plouffe, watu wa tabaka la wafanyakazi katika mji wa Quebec, iliigizwa moja kwa moja kwa Kifaransa na, kuanzia 1954, kwa Kiingereza pia, na waigizaji wale wale. Hata hivyo, juhudi hiyo ilikuwa ya kipekee, kwani sehemu kubwa ya vipindi ilitengenezwa katika nyumba mbili zisizotazamana. Pengo kati ya nyumba hizo lilijitokeza miezi sita tu baada ya mnyororo kuzinduliwa, watayarishaji wa Radio-Canada mjini Montreal walipogoma wakidai haki ya kuunda chama chao, na mgomo huo, uliodumu hadi Machi 1959, ulimpandisha jukwaani mtangazaji René Lévesque, ambaye mwaka 1976 aliongoza chama kilichotaka uhuru wa Quebec kushika serikali ya jimbo hilo.

Mnyororo mmoja, basi, ulibeba mataifa mawili ya watazamaji, na hilo si dosari ya wahandisi. Nchi yenye lugha zaidi ya moja inapopanga utangazaji wake, gharama ya lugha inastahili kuhesabiwa tangu mwanzo pamoja na gharama ya minara, kwa maana picha inayofika bila lugha ya mtazamaji imefika nusu.