Kompyuta Darasani na Ulinzi wa Mtoto: Funzo Kutoka kwa Majirani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafande na askari mlio makambini, vituoni na kwenye malindo ya mbali: kwa miaka mingi serikali za nchi zetu zimekuwa zikijiuliza kama mtoto wa shule ya msingi yafaa apewe kompyuta. Majirani zetu wawili, Rwanda na Kenya, walijibu kwamba yafaa, nao wakatoa fedha nyingi kutimiza jibu lao. Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza walichokifanya, walichojifunza, na kwa nini jambo hili lamhusu mtu avaaye sare kuliko anavyodhani.

Rwanda ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2008 ilijiunga na mpango uliojulikana duniani kama Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto, ambao ulitangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa Marekani. Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijani na nyeupe, yenye mkono wa kushikia kama mkoba, nayo iliundwa iweze kustahimili vumbi na mikono ya watoto. Ilikusudiwa iuzwe kwa dola 100, lakini bei halisi ikakaribia dola 200. Katika miaka iliyofuata Rwanda iligawa zaidi ya kompyuta 200,000 za namna hiyo katika shule zake za msingi.

Matatizo hayakukawia. Shule nyingi za mashambani hazikuwa na umeme, na walimu wengi walikabidhiwa mashine ambazo wao wenyewe hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kuzitumia. Kompyuta iliyokwisha betri haina faida kuliko ubao wa chaki. Hivyo baadaye Rwanda ikageukia mpango wa vyumba maalumu vya kompyuta, hasa katika shule za sekondari, ambamo wanafunzi huingia kwa zamu na mwalimu huwa pamoja nao.

Kenya ilikuja na ahadi kubwa zaidi. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 ilitolewa ahadi kwamba kila mtoto aanzaye darasa la kwanza atapewa kompyuta. Mabishano juu ya zabuni yaliufikisha mpango huo mahakamani, ukachelewa. Ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016 ulikuwa umebadilika: badala ya kompyuta za kawaida, watoto walipewa vishikwambi, yaani kompyuta bapa zisizo na vibonyezo, na mwalimu akapewa kompyuta yake pamoja na chombo cha kuangazia picha ukutani. Kazi ya kuzileta na kuziunganisha ilipewa vyuo vikuu viwili vya Kenya, kile cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta, vikishirikiana na makampuni ya kigeni. Maelfu ya shule yalilazimika kwanza kuvutiwa umeme. Hatimaye mashine zaidi ya milioni moja zilifika katika shule za msingi za serikali zaidi ya 20,000.

Hapo napo palikuwa na mafanikio na kasoro. Katika shule ambazo mwalimu mkuu alikuwa na bidii, watoto walijifunza kusoma na kuhesabu kwa furaha. Kwingineko mashine ziliibwa, au zilifungiwa stoo kwa hofu ya kuibwa, na mwalimu mkuu akageuka kuwa mtunza ghala.

Lakini liko jambo moja katika mpango wa Kenya ambalo halikuzungumzwa sana, nalo ndilo tunalotaka mlitazame kwa makini. Masomo ya mtoto yalitayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, yakawekwa ndani ya mashine zenyewe kabla hazijafika shuleni. Mtoto aliweza kusoma Kiswahili na hesabu pasipo kuingia katika intaneti. Kwa lugha ya askari, alikuwa ndani ya uzio wenye lango moja, na mwalimu alikuwa kwenye lango hilo. Mgeni asiyejulikana hakuwa na njia ya kumfikia.

Basi hatari iko wapi? Iko mahali ambapo hapana uzio wala mwalimu. Iko katika simu ya baba na mama, nyumbani.

Sisi katika Uganda tulilifahamu jambo hili kwa njia ngumu. Kuanzia Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, shule zetu zilifungwa, na madarasa yote hayakufunguliwa tena hadi tarehe 10 Januari 2022. Ni nchi chache mno duniani zilizofunga shule kwa muda mrefu kiasi hicho. Masomo yalitolewa kwa redio, kwa televisheni na kwa karatasi zilizochapishwa. Na wazazi wenye uwezo waliwapa watoto simu zenye intaneti ili wapokee kazi kutoka kwa walimu wao. Walifanya vyema, maana mtoto hapaswi kukaa bure. Lakini simu ile ilipokabidhiwa, wengi hawakutoa maagizo yoyote pamoja nayo. Shule zikafunguliwa, na simu ikabaki mikononi mwa mtoto.

Ndugu askari, hakuna mkuu wa kikosi ampaye kuruta bunduki pasipo kumfundisha kwanza, pasipo kuiandika katika daftari, na pasipo kujua italala wapi usiku. Simu yenye intaneti si bunduki, la hasha. Hata hivyo ni mlango wa nyumba yako, na mlango huo wafunguka pande mbili. Mtoto hutoka kwenda duniani, na dunia nayo huingia alipo mtoto.

Mhalifu wa mtandaoni hana haraka, wala haanzi kwa vitisho. Huanza kwa salamu. Hujifanya mtoto wa rika lile lile, au shabiki wa timu ile ile ya mpira, au rafiki wa dada. Husifu picha. Hutuma zawadi ndogo, pengine muda wa maongezi wa simu. Kisha huomba mazungumzo yahamie mahali pa faragha na kumwambia mtoto asimweleze mtu. Hapo ndipo huomba picha, kwanza ya uso, baadaye ya mwili usio na nguo. Akiisha kuipata, sura yake hubadilika: tuma nyingine, au tuma fedha, au njoo tuonane, la sivyo picha hii itafika kwa baba yako na kwa mwalimu wako. Toka siku hiyo mtoto ni mateka, ingawa amekaa sebuleni akila pamoja na wazazi wake.

Shirika la UNICEF, Polisi wa Kimataifa INTERPOL na shirika la ECPAT walifanya utafiti juu ya uovu huu katika nchi kadhaa, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania, na taarifa zikaanza kutolewa mwaka 2021. Mambo mawili katika matokeo yake yafaa kushikwa na kila askari. La kwanza ni kwamba mtendaji mara nyingi si mgeni wa ng'ambo, bali ni mtu ambaye mtoto alikwisha kumjua: jirani, rafiki wa familia, hata ndugu. La pili ni kwamba watoto wachache sana hupeleka habari hizo polisi. Wengi hunyamaza, au humwambia rafiki wa rika lao ambaye hana uwezo wa kuwasaidia.

Kwa nini hawaji polisi? Si kwa sababu sheria haipo. Hapa kwetu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 iliweka kifungo kifikacho miaka 15 kwa mtu atengenezaye, asambazaye au awekaye picha chafu za watoto katika kompyuta. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2018, iliweka kifungo kifikacho miaka 25, au faini ifikayo shilingi milioni 20 za nchi hiyo, au vyote viwili. Polisi wa Kenya wameunda hata kikosi maalumu cha upelelezi wa makosa dhidi ya watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa. Sheria zipo, na ni kali. Mtoto haji kwa sababu anaiogopa meza ya mapokezi ya kituo. Anaogopa kuulizwa mbele ya watu, “Na wewe ulituma picha hiyo kwa nini?”

Swali hilo moja laweza kuua kesi nzima. Mtoto akiulizwa hivyo atarudi nyumbani, naye mhalifu atabaki huru kuwatafuta wengine. Kwa hiyo askari aliye zamu hana budi kufanya mambo machache, ambayo hayahitaji elimu kubwa ya kompyuta. Amtoe mtoto hadharani, amweke mahali pa faragha pamoja na mzazi au mtu mzima anayemwamini. Asimlaumu. Asimlazimishe kusimulia kisa kile kile kwa askari watatu mmoja baada ya mwingine. Amkabidhi mapema kwa maafisa wa Idara ya Ulinzi wa Mtoto na Familia, ambao ndiyo kazi yao.

Kuhusu simu, yafaa ifahamike kwamba hiyo ni mahali pa tukio, sawa na nyumba iliyovunjwa. Usifute kitu. Wala usimshauri mzazi afute kwa aibu, kwa maana akifuta ujumbe amefuta nyayo za mwizi. Andika namba ya mhalifu, jina alilolitumia, tarehe na saa. Itenge simu na mtandao ili mtu aliye mbali asiweze kuubadilisha ushahidi, kisha uipeleke kwa wataalamu wa makosa ya kompyuta. Tena, na hili twalisema kwa uzito, picha ya mtoto huyo isitoke katika simu hiyo kwenda katika simu yako, wala ya mwenzako, wala isionyeshwe kantini. Kuisambaza ni kosa lile lile tunalompelelezea mhalifu, na kila macho yanayoongezeka juu ya picha hiyo humdhuru mtoto upya.

Sasa tuseme na askari kama mzazi. Wako kati yenu walioacha familia makambini wakaenda kulinda amani Somalia, ambako jeshi letu limekuwako tangu mwaka 2007. Wengi walinunua simu nzuri na kuiacha nyumbani kwa sababu njema kabisa: ili jioni watoto wamwone baba na kusikia sauti yake. Simu hiyo ni faraja kubwa. Lakini baba akiisha kuaga na kurudi lindoni, simu hubaki imewashwa, na usiku bado mrefu. Anayefuata kupiga ni nani?

Hatusemi simu ichukuliwe. Mtoto anayenyang'anywa simu kwa sababu amesema ukweli hatasema ukweli tena. Twasema iwe na kanuni, kama kila chombo cha kikosi. Simu itumike sebuleni, isiingie kitandani. Usiku ilale kwa mama. Mzazi ajue mtoto huzungumza na nani, kama anavyojua huenda kucheza wapi. Mtoto afundishwe kwamba mtu mzima anayemwambia “usimwambie mama” tayari amejitambulisha kuwa adui. Na juu ya yote aahidiwe, kwa maneno ya wazi, kwamba akija na habari mbaya hatapigwa. Ahadi hiyo baba anaweza kuitoa hata akiwa Mogadishu.

Kuna na jambo la picha. Askari hupenda kutangaza mtandaoni picha ya mtoto wake akiwa amevaa sare za shule, na nyuma yao kibao cha kambi chasomeka vizuri. Kwa picha moja amemwambia mhalifu jina, shule na makao. Mwaka 2023 Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 na nusu za Kenya kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu nayo yadai idhini ya mzazi au mlezi. Ikiwa shule haina ruhusa ya kufanya hivyo ovyo, mzazi naye na afikiri kabla ya kufanya.

Walio na hofu ya kufika kituoni wanaweza kupiga namba 116, ambayo ni ya msaada kwa watoto hapa Uganda, na ambayo hutumiwa kwa kazi hiyo hiyo Kenya na Tanzania.

Ndugu wasikilizaji, kompyuta zitaingia katika shule zetu za msingi, za makambini na za vijijini, na sharti ziingie, kwani mtoto asiyezijua atakuwa mjinga wa zama zake. Majirani wametuonyesha kwamba umeme na mwalimu aliyefundishwa vitangulie mashine. Wametuonyesha pia kwamba darasa lenye mwalimu laweza kulindwa. Nyumba ndiyo iliyobaki bila mlinzi, na mtoto akiumizwa huko, mtu wa kwanza atakayemtazama usoni kwa niaba ya taifa ni askari aliye zamu. Atakavyompokea ndivyo mtoto yule, na wenzake watakaosikia habari zake, watakavyojua kama sheria ni yao au si yao.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo baada ya habari. Twawatakia usiku mwema, na ninyi mlio lindoni, zamu njema.