Kaunta ina shoti? Soma hii kabla hujamkata mfanyakazi mshahara

Saa tatu usiku, duka linafungwa, hesabu zinapigwa. Daftari linasema mauzo ni 380,000, droo ina 350,000. Bosi anamgeukia muuzaji na kutamka sentensi ambayo kila aliyewahi kukaa kaunta anaijua: "Hiyo itatoka kwenye mshahara wako."

Mabosi wengi wanaamini huo ndio usimamizi. Lakini kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata kienyeji namna hiyo.

Sheria inataka nini? Kwanza, mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi kukatwa. Pili, hasara iwe imetokea akiwa kazini na iwe imesababishwa na kosa lake. Mteja aliyekula chipsi kuku akatoroka bila kulipa si lazima awe kosa la mhudumu, hasa kama mhudumu ni mmoja na meza ni kumi. Tatu, wewe mwajiri umwandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi ulivyokipata, kisha umpe nafasi ya kupinga. Huwezi kudai zaidi ya hasara halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Anayelipwa 400,000, mwisho ni 100,000. Kwa hiyo ile ya "mwezi huu hupati kitu" haipo.

Tuweke sheria pembeni kidogo, maana hata kibiashara hili linakula kwako. Mtu anayekatwa kila mwezi kwa hesabu asizozielewa huacha kukuambia ukweli. Akikosea chenji, anaficha. Akivunja kitu, anasukumia uvunguni. Wengine huanza "kujilipa" taratibu kutoka kwenye droo, na hapo shoti ya 30,000 utaikumbuka kwa hamu.

Mara nyingi tatizo ni mfumo. Droo moja inashikwa na watu watatu, halafu jioni anaulizwa mmoja. Chenji ya asubuhi haikuhesabiwa. Malipo ya lipa namba yameandikwa kama keshi. Na bosi mwenyewe (ndiyo, wewe) alipita saa sita akachukua 20,000 ya mafuta ya gari, hakuandika popote.

Anza hapo. Kila zamu iwe na mtu mmoja anayewajibika na droo. Wakati wa kupokezana, anayetoka na anayeingia wahesabu pamoja na wote wasaini. Pesa ya simu ihesabiwe peke yake. Ukichukua hela, andika kama unavyotaka wao waandike.

Shoti ikitokea, muulize akiwa peke yake, na swali liwe "Hebu tupitie pamoja," siyo "Umepeleka wapi?" Kuna mabosi wanaotupia picha ya daftari kwenye grupu la WhatsApp la kazini, na jina la mhusika juu. Aliyedhalilishwa mbele ya wenzake hawezi tena kuwasimamia hao wenzake, hata ikija kugundulika kesho kwamba ni wewe uliyejumlisha vibaya.

Na kama kweli ameiba? Usimfukuze usiku huohuo kwa hasira. Mwandikie tuhuma, mpe muda wa kujiandaa, msikilize, ndipo uamue. Wizi uliothibitika ni sababu ya kumwachisha mtu kazi. Lakini ukiruka utaratibu, ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko utaulizwa karatasi. Daftari la shoti lisilo na saini ya mtu yeyote halitakusaidia sana.

Kwa mfanyakazi unayesoma hii: ukiletewa karatasi ya kukubali kukatwa, isome kwanza. Kama hukubaliani na hesabu, una haki ya kuipinga kabla hujasaini.